Punda Mweupe wa Maskati

Na Bwana Shamba, Matombo, Mkoa wa Morogoro

Ndugu msomaji, ukisikia neno "punda" unafikiri nini? Wengi wetu hufikiri mnyama wa kijivu, mwenye masikio marefu, anayebeba mzigo na kupigwa fimbo. Mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita punda.

Lakini zamani, katika kisiwa cha Unguja na miji ya pwani, alikuwapo punda wa namna nyingine. Alikuwa mweupe. Alikuwa mrefu na mwenye mwendo mzuri. Aliwekewa matandiko yenye mapambo ya fedha. Alipandwa na mabinti wa sultani, masheha na matajiri. Bei yake iliweza kufikia bei ya farasi. Huyo ndiye punda wa Maskati.

Leo punda huyo ni adimu sana. Makala hii inaeleza alitoka wapi, alikuwaje, alifanya kazi gani na kwa nini amepungua. Tena inaeleza jambo linalotuhusu sisi wa Matombo, tunaopanda na kushuka milima ya Uluguru na mizigo kichwani. Maana ukieleza habari za mnyama wa kubeba, ni lazima uulize: mnyama huyo asipokuwapo, mzigo anaubeba nani?

MBEGU YA MNYAMA NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Sisi wakulima tunajua mbegu ya mahindi na mbegu ya mpunga. Wanyama nao wana mbegu zao. Kuku wa kuchi ni kuku, lakini hafanani na kuku wengine. Ana shingo ndefu, miguu mirefu, na ni hodari wa kupigana. Ng'ombe wa Mpwapwa ni ng'ombe, lakini si sawa na ng'ombe wa kienyeji. Alitengenezwa huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, kwa kuchanganya ng'ombe wa hapa nchini na ng'ombe wa kutoka nje, ili atoe maziwa na nyama katika nchi kavu.

Mbegu ya mnyama haitokei yenyewe. Inatengenezwa na watu. Watu huchagua dume huyu na jike yule. Watoto wao wanapozaliwa, watu huchagua tena walio bora. Wanafanya hivyo miaka mingi, baba hadi mjukuu. Mwisho wanyama wote wa mbegu hiyo wanafanana kwa umbo, rangi na tabia.

Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa. Lakini mfugaji wa mbegu hutazama pande zote mbili. Akikosea dume, mbegu inaharibika. Akikosea jike, vilevile inaharibika. Na siku watu wanapoacha kuchagua, mbegu huanza kupotea, hata kama wanyama wenyewe bado wapo.

PUNDA NI MWAFRIKA

Watu wengi hufikiri kwamba punda aliletwa kwetu na Waarabu. Kwa punda wa Maskati jambo hili ni kweli. Lakini asili ya punda wote duniani ni hapa Afrika.

Punda-mwitu waliishi kaskazini-mashariki ya Afrika, katika nchi kavu za Nubia, Eritrea na Somalia. Wachache sana bado wapo porini huko hata leo. Watu wa pande hizo walianza kuwafuga punda zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wamisri wa kale waliwatumia kubeba nafaka na mawe. Kutoka Misri na pande za Bahari ya Shamu punda walienea hadi Arabuni, kisha Asia na Ulaya.

Huko Arabuni watu walichagua punda wao kwa uangalifu. Walitaka punda wa kupanda, na wa kubeba mizigo wakamweka mbali. Wakachagua wale warefu, wa rangi nyeupe, na wenye mwendo usiomchosha mtu. Baada ya miaka mingi wakapata mbegu ya punda weupe. Mji wa Maskati, ulio Oman, ulikuwa bandari kubwa ya majahazi. Punda waliopakiwa hapo wakaitwa punda wa Maskati.

Majahazi yalisubiri upepo wa kaskazi. Upepo huu huvuma kutoka Arabuni kuja kwetu, kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi. Majahazi yakaja na tende, chumvi, mazulia, na pia punda. Kwa hiyo punda wa Maskati alikuwa kama mjukuu aliyezaliwa ugenini, kisha akarudi katika bara la babu zake.

ALIVYOKUWA

Sasa tumtazame punda huyu kwa karibu. Tumlinganishe na punda wa kienyeji, ambaye huitwa punda wa Kimasai.

Punda wa Kimasai ni mdogo. Urefu wake begani ni kiasi cha mita moja, wakati mwingine zaidi kidogo. Rangi yake ni ya kijivu au ya udongo. Ana mstari mweusi mgongoni, na mstari mwingine unaoshuka mabegani. Mistari hiyo miwili hufanya alama ya msalaba. Ana nguvu kuliko unavyomdhania, na anavumilia jua, kiu na majani makavu.

Punda wa Maskati ni mrefu zaidi. Miguu yake ni mirefu. Rangi yake ni nyeupe, au ya kijivu kilichofifia sana hata huonekana nyeupe. Hatua yake ni ndefu na ya haraka, wala haimrushirushi mpandaji. Mtu aliweza kutoka mjini Unguja asubuhi, akaenda shamba lake la mikarafuu, akarudi jioni bila kuumwa mgongo. Baadhi ya wenye punda hao walipenda kuwapamba kwa hina, kama bibi harusi.

Lakini alikuwa na upungufu wake. Kwa kuwa alikuwa mgeni, alihitaji matunzo zaidi. Alitaka banda, majani mazuri na nafaka kidogo. Magonjwa ya bara yalimshika upesi kuliko punda wa kienyeji. Hakuwa mnyama wa mtu maskini.

Tuna habari zake kutoka kwa mtu aliyewapanda. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alikuwa na binti aliyeitwa Salme. Alizaliwa mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha habari za maisha yake. Salme anaeleza kwamba watoto wa sultani walifundishwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo. Wavulana walipewa farasi. Wasichana walipewa punda wakubwa weupe wa Maskati. Basi kwa binti wa sultani kupanda punda hakukuwa aibu. Kulikuwa heshima.

GARI LILILOKOSA BARABARA

Katika nchi nyingine matajiri hawakupanda mgongoni tu. Walikaa ndani ya gari lenye magurudumu manne, likakokotwa na farasi wawili au zaidi. Je, kwa nini magari ya namna hiyo hayakuenea kwetu?

Sababu ya kwanza ni barabara. Katika miaka ya 1840 Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Seyyid Said zawadi ya gari zuri la farasi. Lakini wakati huo Unguja haikuwa na barabara za kupitisha gari kama hilo. Mjini njia zilikuwa vichochoro vyembamba. Mashambani zilikuwa njia za miguu. Gari likawa zawadi isiyo na kazi. Punda mweupe hakuhitaji barabara. Aliweza kupita palipopita mtu.

Sababu ya pili ni ugonjwa. Hii ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na sisi wa Morogoro tunayo historia yake.

Mwaka 1871 mwandishi wa magazeti Henry Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Daktari Livingstone. Alikuwa na wapagazi wengi, punda 27 na farasi wawili. Farasi mmoja alipewa na Sultani Barghash. Farasi wote wawili walikufa siku chache tu baada ya safari kuanza. Hawakuwahi kufika Simbamwene, mji uliojengwa na Kisabengo chini ya milima yetu ya Uluguru, karibu na ulipo mji wa Morogoro leo. Punda wengi nao walikufa njiani. Lakini wengine waliendelea. Mmoja alifika mbali hadi mto Malagarasi, upande wa Kigoma. Hapo alikamatwa na mamba wakati wa kuvuka.

Farasi wa nchi yetu wana maadui wawili wakubwa.

Adui wa kwanza ni mbung'o. Mbung'o akimuuma mnyama humpa ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, hupungukiwa damu, hulegea, kisha hufa. Farasi hushikwa vibaya sana. Punda wa kienyeji huvumilia zaidi, ingawa naye anaweza kufa.

Adui wa pili ni usubi, wadudu wadogo sana wanaouma usiku, hasa wakati wa mvua. Hao hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Farasi huvimba kichwa, hutoa povu puani na kushindwa kupumua. Ugonjwa ukiingia katika zizi la farasi wasiochanjwa, unaweza kuua tisa katika kila kumi. Siku hizi chanjo ipo. Punda kwa kawaida hupona ugonjwa huu, na mara nyingi haonyeshi dalili yoyote.

Sasa tunaona kwa nini punda mweupe alipata cheo. Alifanya kazi ya farasi mahali ambapo farasi hakuweza kuishi vizuri.

Wajerumani walipotawala nchi hii nao waliliona jambo hilo. Maofisa na walowezi wao wengi walipanda punda wa Maskati. Walimpandisha pia kwa punda wa kienyeji ili wapate watoto wakubwa kuliko mama zao na wagumu kuliko baba zao. Wengine walijaribu hata kufuga pundamilia huko Kilimanjaro, kwa kuwa pundamilia haogopi mbung'o. Hawakufanikiwa. Pundamilia ni mkali, na hakubali kazi ya kila siku.

Walimtumia pia nyumbu. Hapa tusichanganyikiwe. Sisemi juu ya nyumbu wa porini tunayemwona Mikumi. Nasema juu ya nyumbu wa kufugwa, ambaye watu wa pwani humwita baghala. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Ana nguvu kama mama yake na uvumilivu kama baba yake. Lakini hazai. Kila ukimtaka nyumbu mwingine, ni lazima urudi kwa punda na farasi.

MWAKA 1916: MZIGO UNARUDI KICHWANI

Somo kubwa kuliko yote lilitokea hapa kwetu, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Waingereza walipigana na Wajerumani katika nchi hii tangu 1914 hadi 1918. Mwezi wa Agosti 1916 jeshi la Waingereza liliingia mji wa Morogoro. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, wakizunguka milima ya Uluguru. Waingereza wakawafuata. Wengine walipita upande wetu wa mashariki, wakaenda kupigana Tulo na Duthumi mwezi wa Septemba.

Jeshi hilo lilikuwa na farasi wengi walioletwa kutoka Afrika Kusini. Lilikuwa pia na nyumbu na punda. Walipoingia katika nchi ya mbung'o, na mvua ilipoanza, wanyama walikufa kwa maelfu. Njia zilijaa mizoga.

Je, mizigo ya jeshi ilibebwa na nani? Ilibebwa na watu. Waafrika wengi sana walichukuliwa kuwa wapagazi, pande zote mbili za vita. Walibeba chakula, risasi na vipande vya mizinga. Wengi walikufa kwa njaa, kuharisha na homa, na vifo vyao vilizidi sana vile vya askari. Jina la Kariakoo, mahali penye soko kubwa la Dar es Salaam, linatokana na jeshi hilo la wapagazi ambalo Waingereza waliliita Carrier Corps.

Hili ndilo jambo ninalotaka tulikumbuke. Mnyama wa kubeba akifa, mzigo haufi naye. Unarudi kichwani kwa binadamu. Na mara nyingi unarudi kichwani kwa yule asiye na nguvu ya kukataa.

KWA NINI PUNDA WA MASKATI AMEPUNGUA?

Punda wa Maskati hakumalizwa na ugonjwa. Alimalizwa na kukosa kazi.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Baadaye barabara zikatengenezwa Unguja na bara. Motokaa zikaja, na baiskeli zikaja. Mwenye mali aliyekuwa akinunua punda mweupe sasa akanunua motokaa. Majahazi hayakuleta tena punda kutoka Arabuni. Huko Arabuni kwenyewe watu waliacha punda wakapanda magari, na punda weupe wa huko nao wakapungua.

Waliobaki Unguja na pwani wakawa mikononi mwa watu waliohitaji punda wa mzigo. Hawa walimpandisha jike kwa dume yeyote aliye karibu. Hapakuwa na mtu wa kuchagua. Damu ikachanganyika. Leo punda bado wapo wengi huko Unguja na Lamu. Wanabeba mchanga, mawe, nazi na maji. Kule Lamu, katika vichochoro vya mji wa kale, punda ndiye anayebeba karibu kila kitu. Pengine utaona mmoja mwenye rangi nyeupe na miguu mirefu. Huyo ana damu ya Maskati. Lakini rangi peke yake si mbegu. Mbegu ni rangi, umbo, mwendo na tabia pamoja, vinavyotoka kwa mzazi hadi mtoto bila kupotea.

FARASI WA CLEVELAND ALIVYOOKOLEWA

Je, mbegu iliyokaribia kupotea inaweza kuokolewa? Tutazame mfano wa Uingereza.

Kaskazini ya Uingereza kuna nchi ya vilima iitwayo Cleveland. Zamani wachuuzi wa huko walitembeza bidhaa zao kijiji hadi kijiji, na farasi wao walibeba mizigo mgongoni, maana njia zilikuwa mbaya. Barabara zilipotengenezwa, watu wakaona kwamba farasi hao wanafaa kukokota magari. Walikuwa na nguvu na pumzi ndefu. Wote walifanana rangi: mwili wa hudhurungi, na miguu, mkia na manyoya ya shingo meusi. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kupata farasi wawili wanaofanana kwa gari moja. Wakaitwa Cleveland Bay. Mwaka 1884 wafugaji waliunda chama chao, wakaanza kuandika daftari la ukoo wa kila farasi.

Kisha zikaja reli na motokaa, kama kwetu. Farasi wa magari wakakosa kazi. Mwaka 1962 madume safi wa Cleveland yaliyobaki Uingereza hayakufika kumi. Mbegu ilikuwa ukingoni.

Ndipo Malkia Elizabeth wa Pili akamnunua dume mmoja kijana, aliyeitwa Mulgrave Supreme, ambaye alikuwa karibu kuuzwa Marekani. Malkia hakumfungia katika zizi lake. Aliruhusu wafugaji wengine wamtumie kwa majike yao. Baada ya miaka kama 15, madume safi yakawa zaidi ya 30. Farasi hao bado ni adimu hata leo, lakini hawajapotea. Wengine hukokota magari ya mfalme wakati wa sherehe.

Mambo matatu yaliwaokoa. Kwanza, daftari: watu walijua nani ni mtoto wa nani. Pili, dume mzuri alitumiwa na wengi. Tatu, farasi walipewa kazi ya kufanya. Punda wetu mweupe hakupata hata moja katika hayo matatu.

HATARI NYINGINE: NGOZI

Katika miaka ya karibuni punda wote wa Afrika walipata adui mpya. Huko China kuna dawa ya asili inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Dawa hiyo ilipopendwa sana, wanunuzi wakaja kutafuta ngozi Afrika. Punda wengi walichinjwa. Wengine waliibwa usiku mazizini.

Punda hazai kama mbuzi. Jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 12 hivi, na huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hafai kazi mpaka afike miaka mitatu au minne. Ukichinja punda kwa kasi, huwezi kujaza pengo lake.

Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kuzungumza juu ya jambo hili. Mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubali kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Kwa hiyo mtu akija kijijini kununua punda wengi bila kueleza kazi yao, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji.

NA SISI WA MATOMBO JE?

Huku kwetu punda si wengi. Ndizi, mananasi, mpunga, iliki na karafuu hutoka mashambani kichwani, mpaka kwenye barabara ya Bigwa na Kisaki. Mara nyingi kichwa hicho ni cha mama. Tena mara nyingi mama huyo ana mtoto mgongoni.

Watu huuliza: "Bwana shamba, punda ataweza kilima hiki?" Jibu ni kwamba punda anaweza njia ya miguu ya mlimani, ikiwa hakuzidishiwa mzigo. Punda wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 120 au 150 anaweza kubeba kilo 40 hadi 50. Huo ni mzigo wa kina mama wawili. Kwenye njia tambarare, akifungiwa mkokoteni mzuri wenye magurudumu ya mpira, anaweza kukokota mara kadhaa ya mzigo huo. Akitunzwa, ataishi miaka 20 na zaidi.

Lakini tusikimbilie kununua. Pande za chini, kuelekea Kisaki na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, mbung'o bado wapo. Kwanza muulizeni bwana mifugo kama mahali penu panafaa. Mkikubaliana kununua kwa kikundi, fuateni mambo haya:

1. Nunueni wawili, si mmoja. Punda anapenda mwenzake. Akiwa peke yake huhuzunika na hudhoofu.

2. Chagueni punda mwenye miguu iliyonyooka, kwato zisizopasuka na mgongo usio na vidonda. Tazameni meno ili mjue umri wake.

3. Wekeni tandiko nene mgongoni kabla ya mzigo. Gunia lililojazwa majani makavu linafaa. Mzigo uwe sawa pande zote mbili, wala usikae juu ya uti wa mgongo.

4. Msimfunge punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu. Punda hana nundu. Huvuta kwa kifua. Mfungeni mkanda mpana wa kifuani.

5. Mpeni maji safi kila siku, na kivuli. Wakati wa mvua mpeni banda kavu. Matope huozesha kwato.

6. Mwenye mimba kubwa asifanye kazi nzito. Mtoto aachwe na mama yake kwa miezi sita.

7. Dume mbaya ahasiwe na mtaalamu. Dume mzuri atunzwe, awapande majike ya kijiji kizima. Andikeni katika daftari: mama ni nani, baba ni nani, mtoto kazaliwa lini. Ndugu zangu mliojifunza kusoma na kuandika, hii ni kazi ya kalamu yenu.

8. Jeraha lolote lioshwe mara moja. Punda anaweza kupata pepopunda kama binadamu.

Jambo la mwisho ni fimbo. Watu husema punda ni mkaidi. Ukweli ni kwamba farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa husimama. Anatazama na kufikiri. Ukimpiga wakati huo anazidi kuogopa. Mwache aone, mwongoze polepole, atakwenda. Wazee husema asante ya punda ni mateke. Lakini ukitazama mgongo wa punda wengi, wenye vidonda vya miaka, utauliza ni nani hasa asiyejua kushukuru.

Punda mweupe wa Maskati alipata heshima kwa sababu watu walimchagua, walimlisha na walijua thamani yake. Punda wa kijivu ni ndugu yake. Hahitaji mapambo ya fedha wala hina. Anahitaji tandiko, maji na mtu anayejua kuhesabu kilo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini farasi hakuenea katika nchi yetu, lakini punda aliweza kuishi?

2. Mwaka 1916 wanyama wa jeshi walipokufa, nani alibeba mizigo? Leo kijijini kwenu nani hubeba mizigo mingi zaidi?

3. Taja mambo matatu yaliyookoa farasi wa Cleveland. Je, kuna kuku, mbuzi au mbegu ya mpunga ya asili kijijini kwenu inayokaribia kupotea? Mnaweza kufanya nini?

4. Pimeni kwa mizani mzigo mmoja unaotoka shambani kwenda barabarani. Ni kilo ngapi? Punda mmoja angebeba mizigo mingapi ya namna hiyo?